Hesabu ya Chumvi

Chini ya taa ya mulika mwizi, Mutindwa,
baba anamenya mayai ya kuchemsha.
Nimekalia kreti ya soda,
daftari gotini, mtihani Jumatatu.
"Soma kwa sauti, Syombua.
Nisikie karo yangu ikizungumza."

Nikasoma: sodiamu, akiwa mvuke,
ana elektroni moja ya nje,
iko mbali na kiini, haimshiki sana.
Hata hivyo kuing'oa si bure:
kilojuli mia nne tisini na sita kwa moli.
Kitabu kinaiita nishati ya uionishaji.
Baba akaiita bei ya kung'oa.
Neoni, jirani yake, ukimwomba
atadai elfu mbili na ushee;
hana haja na mtu.

Klorini naye amebakiza nafasi moja.
Mpe elektroni, atoe shukrani:
mia tatu arobaini na tisa.

Kisu kikasimama juu ya yai.
Mtu aliyeishia darasa la sita
akahesabu kwa vidole vyenye kachumbari.
"Hasara mia moja arobaini na saba!
Huyo klorini hafidii hata gharama ya kung'oa.
Kibanda hiki kingefungwa kabla ya Ijumaa."

Nikapekua. Sikuwa na jibu.
Mwalimu Makokha alituambia
mmoja hutoa, mmoja hupokea, wote huridhika.
Deni hakulitaja.

Mteja akaja, akataka mawili, pilipili nyingi.
Baba akatia vidole koponi, akanyunyiza,
nami nikaliona jibu likianguka,
jeupe, punje kwa punje.

Hawabaki wawili, baba!
Aliyepungukiwa na aliyezidishiwa huvutana,
huvuta na wengine, juu, chini, ubavuni,
kila mmoja kazungukwa na sita wa upande wa pili,
na katika kule kushikana
hutoka mia saba themanini na saba.

"Faida mia sita na arobaini,"
akasema kabla sijashika kalamu.
Akalitazama kopo lile la Blue Band
kama mtu aliyegundua mpangaji
aliyeishi kwake miaka tisa bila kusalimiana.
"Basi hiyo si biashara. Hicho ni chama."

Tone la kwanza likagonga bati.
Akafunika chumvi kwanza,
halafu mayai,
halafu akavua koti akanitupia kichwani,
daftari na yote.