Utepe Mweusi

Aliyeniuzia gari hili pale Jogoo Road
alibandika utepe mweusi juu ya taa ya injini.
Jua la Januari liliubandua
nikiwa kwenye foleni ya Outering,
na jicho la manjano likanikodolea.

Fundi wa Grogan hakufungua hata boneti.
"Injini imekwisha, mama. Tafuta laki na nusu."
Nikamwambia nitarudi.
Sikurudi.

Jumapili, uani kwetu Umoja,
Kwamboka wa ghorofa ya tatu akaniazima kidude chake:
ukikichomeka chini ya usukani
gari linasema lenyewe linapoumwa.
P0135, likasema.
Kihisi cha oksijeni. Hita yake haipati umeme.

Nikalala chali juu ya gunia,
tochi mdomoni,
nikaufuata waya kwa kidole
hadi panya alipoukata,
hatua ya kucha kutoka kiota chake
cha maganda ya mahindi na risiti ya stima.

Nikaunga ncha kwa ncha.
Utepe sikuwa nao
ila ule ule wa tapeli,
umejikunja kwenye dashibodi, gundi bado kaidi.
Nikauzungusha mara tatu.

Kwamboka akafuta msimbo. Nikawasha.
Taa ikawaka, ikafikiri, ikazimika.

Panya bado hatujamwona.