Kilima cha Fylde

Saa kumi na mbili asubuhi, Preston imelala fofofo.
Nimetoka zamu ya usiku, viganja bado vinanukia biskuti,
na Sauda yuko mlangoni, kofia ngumu kichwani.
Kaivaa tangu saa kumi.
Hakuniuliza kama nimechoka.
Ahadi ni deni, na hili lilishazaa riba ya mwaka mzima.

Treni leo hakuna, reli inatengenezwa.
Gari hatuna. Teksi ingemeza tiketi mbili pamoja na chakula.
Tuna baiskeli: yake ya buluu, ya mtumba,
yangu ya marehemu mume wa Bi Entwistle wa nambari saba,
aliyenikabidhi akisema, "Ichukue,
ila kengele usiibadilishe."
Kengele yenyewe inalia
kama mtu anayekohoa kwa adabu.

Tukafuata mfereji hadi Salwick, bata wakatuzomea.
Kisha Kirkham, maduka yamefumba macho.
Nchi ya Fylde ni tambarare kama sinia;
ukiitazama ramani unasema, hii ni kuteleza tu hadi baharini.
Kumbe kilima chake ni upepo.
Unatoka magharibi, hauna kilele, hauna upande wa pili,
unakukalia kifuani kama mdai aliyekukuta nyumbani.

"Kaa nyuma yangu," nikamwambia, "nikukingie."
"Mgongo wako mdogo, Baba."

Tulipopita Wrea Green akapiga ukelele: "Ule pale!"
Juu ya ua wa miti, juu ya ng'ombe wasiojali,
mgongo wa chuma umejikunja angani,
mwembamba, kama unywele ulioangukia kwenye supu.
Kuona si kufika.
Tulikanyaga pedali saa nzima, nao haukunenepa.

Lytham, mnyororo wangu ukachomoka
mbele ya kinu cha upepo kilichofungwa mabawa.
Upepo wote ule, na kinu hakina kazi!
Nikarudisha mnyororo kwa vidole,
grisi nikaifutia soksi,
Sauda akanipa nusu ya ndizi yake, ile nusu iliyopondeka.

Langoni, kijana mwenye fulana ya njano:
"Magari kulia."
"Hatuna gari."
Akasoma orodha yake ya ada: gari, basi, pikipiki.
Akaigeuza, labda baiskeli iko nyuma. Haimo.
"Mmetoka wapi?"
"Preston."
Akatutazama miguu, kisha akautazama upepo,
ndiyo, aliutazama, nikaona bendera zikimjibu.
"Nyuma ya mapipa ya taka pana vyuma. Sitawadai kitu."
Tukazifunga huko shingo kwa shingo,
kama punda wawili waliogombana njiani wakapatana.

Mimi sikupanda.
Nilibaki kwenye benchi, kofia mbili mapajani,
usingizi ukanichukua kabla treni haijaanza kupanda.
Nikazinduliwa na mayowe ya watu thelathini;
moja nililijua.

Akashuka magoti yakimcheza, nywele zimesimama.
"Umeona nini kule juu?"
Nilidhani atasema bahari, au mnara,
au dunia imekuwa ndogo.
"Nimeziona baiskeli zetu," akasema.
"Bado zipo."

Jioni upepo haukuwa umegeuka;
sisi ndio tuliogeuka.
Ukatushika viunoni bila kusema neno,
ukalipa yote uliyotudai asubuhi, na chenji juu.
Lytham ikapita, Kirkham ikapita,
mgongo wa chuma ukazama nyuma ya ng'ombe walewale.
Usingizi niliodaiwa na mwili nikauambia, subiri kidogo.

Kwenye daraja la Salwick, pale barabara inapoinuka
kimo cha meza na kushuka kimo cha meza,
Sauda akaacha pedali zizunguke zenyewe,
akanyoosha mkono mmoja juu, wa pili hakuthubutu,
akapiga yowe lilelile, zima, la bei ileile.

Nami nikapiga kengele ya marehemu.
Ikakohoa.
Bata wakatupisha.