Meno ya Utoto

Alianza na ndara ya kushoto.
Nikamtetea: mkanda wake ulishakatika.
Kesho yake akala ya kulia,
nikakosa utetezi.

Saranda, tulimwita, kwa jina la stesheni
alikopakiwa ndani ya kikapu cha shangazi Mbeleje,
kafunikwa khanga asionwe na mkata tiketi.
Mwezi wa saba, upepo unapiga bati,
vumbi la Nkuhungu linaingia hadi kwenye chumvi,
na yeye, tumbo duara kama kibuyu,
anaitafuna nyumba kuanzia chini kwenda juu:
futi ya kushonea, akaishia sentimita ya arobaini;
pindo la mkeka;
rimoti, ikabaki namba tisa peke yake;
daftari la madeni
(hapo wateja wangu walimpenda).

Chilongani akachungulia juu ya uzio wa minyaa:
"Paka pilipili kila kitu. Ikishindikana, fimbo.
Mbwa hafundwi, hufungwa."
Nikapaka pilipili miguu ya cherehani.
Saranda akalamba, akapiga chafya, akalamba tena.
Mimi nikasahau, nikafikicha jicho,
nikalia mbele ya mteja
mpaka akanipa pole ya msiba.

Fimbo nayo niliishika. Siku ile ya gauni.
Gauni la Sechelela, la sendofu, satini rangi ya zabibu,
mita sita, umebaki mkono mmoja,
nami nimekwenda bombani mara moja tu.
Nikarudi nikakuta mita tano na nusu
na mbwa anayetikisa mkia.
Nikainua fimbo.
Akalala chali, akaachama,
na pale mbele, kwenye ufizi mwekundu,
palikuwa na pengo.

Pengo lile nililijua.
Lilikaa mezani kwangu kila asubuhi, likinywa uji wa uwele,
likiomba "thukari."
Nyemo, miaka sita, anayetafuna ukosi wa shati la shule
mpaka unateleza kama mlenda.
Nani alimpiga Nyemo kwa sababu ufizi unamwasha?

Fimbo nikaipa kazi ya kuanikia soksi.

Tukaanza upya, na tukaanza na sisi.
Viatu juu ya kabati. Vitambaa sandukuni, sanduku na kufuli.
Na neno liwe moja, maana mimi nilisema "acha,"
Nyemo "wewe!", mama yangu, kutoka jikoni, "leka!"
na mbwa wa watu akadhani ana majina manne.
Likashinda la mama. La mama hushinda.

Jumamosi, mnadani Msalato, nikaomba mguu wa mbuzi,
si nyama, mfupa. Mchinjaji akacheka, akanizidishia.
Akikamata kiatu: leka.
Sauti ya chini, kama unamwambia mtu chai iko tayari.
Mkono mmoja unapokea kiatu, wa pili unatoa mfupa.
Asipoachia, hatuvutani; kuvutana kwake ni mchezo.
Tunangoja.
Mara ya kwanza nilingoja mpaka maharage yakaungua.
Mara ya thelathini sikumaliza hata kusema le.

Sikudanganyi. Wiki ya nne alikula sabuni.
Na Sechelela aliagwa kwa gauni lenye pindo fupi,
akasema ndio mtindo,
na wawili wakaja kuomba mshono ule ule.

Jana nafagia chini ya cherehani:
sindano, nyuzi, kifungo,
na kitu cheupe, punje ya mchele iliyochongwa ncha.
Nikampa Nyemo. Akakitazama sana.
Akaingiza mkono mfukoni, akatoa jino lake,
lililong'oka tangu Ijumaa bila mimi kuambiwa.
Akatoka uani, akayarusha yote mawili juu ya bati.
Moja likakaa. Moja likabingirika, ti, ti, ti,
likarudi mchangani. La nani, sikuona.
Saranda akaliwahi.

"Leka," akasema Nyemo, chini kabisa,
akanyoosha kiganja.