Doti

Rajabu sikulala siku sita.
Nilikopa doti arubaini Darajani,
nikazigawa Jang'ombe nzima, mpaka kwa wapita njia,
maneno yakiupita ulimi.

Shaabani sikuinuka.
Hata kukoga kulikuwa mlima.

Watu wakasema: apungwe.
Bikombo hakusema. Alizirejesha doti nyumba kwa nyumba,
akalipa zilizokwisha kuvaliwa,
kisha tukaenda kwa miguu Kidongo Chekundu.

Sasa kila magharibi kidonge cheupe
juu ya kisahani cha kahawa.
Hukaa mpaka nimeze.
"Jana umelala saa ngapi?"
Anaandika, daftari lile lile la madeni.

Doti moja imebaki, haijakatwa.
Anataka kipande kimoja kiwe chake.
Namwambia ngoja kidogo,
vyote viwili bado ni mimi.