Risala ya Wakulima wa Ndaga

Nimepewa dakika saba.
Katibu aliyenitangulia aliandika kurasa nne,
mbili za kwanza zote majina ya waheshimiwa,
na alipofika kwenye kiazi
mgeni rasmi alikuwa anatazama saa,
sisi tunatazama mvua.

Usiku huu ukungu umekaa mlangoni kama mdai.
Nakata "kwa heshima na taadhima."
Nakata "napenda kuchukua fursa hii":
fursa imekwishatolewa, ni dakika saba.

Nianze wapi? Mwaka tuliosajiliwa?
Dada yangu Tusekile anamenya viazi, hainui uso:
"Anza na gunia la Mama Syabumi."

Gunia la Mama Syabumi
lilijaa, kisha likaongezwa kichwa,
kamba zikasukwa juu ya kile kilichozidi,
lumbesa, kilima kimepanda gunia,
na bei ikabaki ya gunia.
Wote watakaoketi pale wamewahi kushona kilima hicho.
Nikilitaja, watainua vichwa.

Halafu hesabu. Nilikuwa nazo kumi na moja,
nimezipanga kama mgambo siku ya gwaride.
Nabakiza hii: madebe mawili kila gunia, bure.
Namba moja mtu ataibeba hadi nyumbani,
kumi na moja atazimwaga njiani.

Ombi lenyewe nilikuwa nimelificha katikati,
kati ya barabara na zahanati.
Nikamkumbuka Ambakisye akipakia Fuso:
mzigo wa kushuka Uyole
hauwekwi chini ya mzigo wa Makambako.
Nikalivuta ombi hadi mlangoni, mstari wa mwisho:
mizani, mheshimiwa. Mizani moja, hapa sokoni.
Kisha ninyamaze.

Kunyamaza, hapo ndipo penye kazi.
Mkono umeshaanza wenyewe:
"kabla sijamaliza, niseme pia…"
Tusekile anatupa ganda kwenye beseni.
Nakata.

Alfajiri nawasomea ng'ombe, koti hadi kidevuni.
Dakika tano na nusu.
Moja na nusu imebaki, na mimi si mtu wa kuacha kitu shambani;
nimetafuta cha kuijazia, methali, shukrani, hata wimbo wa shule.

Sasa naona.
Nitamwomba Mama Syabumi asimame,
na gunia lake kando yake,
tuone kipi kirefu.