Naita Yeyote

Tulikuwa kumi na wanne, daftari linasema.
Sasa tuko wanane, na wawili kati yetu
hulipa kwa ahadi.
Mimi ndiye mhazini. Kalamu yangu nyekundu
imekwisha wino kabla ya ile ya buluu.

Chumba chetu kiko juu ya lililokuwa ghala la magunia,
Ngamiani, barabara ya kumi na tatu,
ngazi ishirini na sita, ya tisa imevunjika.
Mle mna redio moja ya watu wote,
betri mbili za lori, feni isiyozunguka
mpaka uichokoze kwa rula,
na ukutani kadi za waliowahi kutuitika:
Osaka, Lima, na kisiwa kimoja cha barafu
ambacho Semkiwa hukitamka kila mara vingine.

Leseni. Kodi. Umeme wa kununua kwa namba.
Nguzo ya antena inayoliwa na chumvi ya bahari.
Nimejumlisha mara tatu
nikiomba niwe nimekosea.

Basi Jumamosi tukateremsha meza barabarani.
Shekalaghe kaandika bango kwa mwandiko wa daktari:
REDIO YA RIDHAA. KARIBU UJIUNGE. ELFU SABA KWA MWEZI.
Wa kwanza kulisoma akauliza, "Mnalipa kila wiki?"
Wa pili, "Taarabu mnapiga saa ngapi?"
Wa tatu akatoa simu mfukoni, akatuonyesha,
kwa upole, kama unavyomwonyesha mgonjwa dawa,
kwamba siku hizi mtu huongea na Osaka
huku anakula chipsi.
Mbaruku akamweleza habari za mawimbi,
jinsi sauti inavyopanda, ikagonga anga, ikarudi chini
pasipo kampuni, pasipo bando.
Akamweleza dakika arobaini.
Chipsi zikaisha. Mtu akaenda zake.

Usiku nilipanda kufunga chumba,
nikamkuta Semkiwa kitini, peke yake,
anarudia tunayorudia kila siku:
naita yeyote, naita yeyote,
hapa Tanga, naita yeyote, nasikiliza.

Ikaitika sauti.
Si ya redioni. Ya ngazini.

"Yeyote gani?"

Bi Nyamvula, fundi cherehani wa chini,
tuliyegombana naye miaka sita
kwa kuanika kanga kwenye waya unaoshika nguzo yetu,
kasimama ngazi ya nane, mkono kiunoni.
"Kila usiku nawasikia mnaita watu wa mbali.
Nikadhani labda sharti uwe na pasipoti."

Hatukuwa na la kusema,
sisi ambao kazi yetu ni kusema.

Semkiwa akampisha kiti.
Akavaa vipokea sauti juu ya mtandio.
Mwanzo mvumo tu, kama vitumbua kikaangoni,
halafu, mbali, mwanamume wa Morisi
anataja jina lake herufi kwa herufi.
"Anasemaje?"
"Anasema kwao mvua imeanza."
"Basi mwambie hapa kanga zimekauka."
Semkiwa akamwambia.
Kule ng'ambo mtu akacheka, na kicheko kile
kikatua Ngamiani kizima, bila kumwagika.

Bi Nyamvula akafungua pindo la kanga:
noti ya elfu tano, sarafu nne za mia tano.
"Nataka risiti."

Nimeandika kwa buluu: Na. 9, Nyamvula Mwachiti.
Tumepungukiwa bado elfu themanini na tatu.
Nguzo bado inaliwa.
Na leo asubuhi kwenye waya kuna shuka mbili za ziada,
maana mwanachama, anasema,
ana haki ya kutumia mali ya chama.

Sikubishana naye. Nina kazi.
Jioni naanza na mlango wa pili, kwa kinyozi,
kisha kwa yule mama wa mkaa.
Sitawaeleza mawimbi.
Nitabisha, nitataja jina langu mara moja,
niachie kitufe.