Kila Tarehe Kumi na Nne

Simu hutetemeka juu ya friji
tarehe kumi na nne, kabla ya alfajiri:
riali tatu na baisa mia tisa zimekatwa.
Haipigi hodi. Haisemi kwa nini.
Mara ya ishirini na mbili sasa; nahesabu kwa tasbihi,
na Mungu anisamehe kwa matumizi hayo ya tasbihi.

Nilimjua mkataji. Hilo ndilo lililonifunga mdomo.
Ni ile programu ya kufundisha Kiarabu:
siku saba bure, ilisema, weka namba ya kadi tu,
nami nikaweka, chooni, mlango nimeukomea,
mtu mzima wa miaka sitini na tisa.

Kurani nilihitimu Wete, kabla sijavunja ungo.
Maskati nina mwaka wa arobaini na nane,
na mbele ya muuza nyanya mie ni bubu.
Wajukuu wanachekeshana juu ya zulia,
namshika Yaqdhani shati: "Kasema nini?"
"Hamna kitu, bibi."
Nyumba nzima inaangua kicheko, na hamna kitu.

Basi nikasoma. Somo la kwanza, Salamu.
La pili, Familia Yangu.
La nne, Sokoni, nililiacha katikati
usiku Raiya aliposhikwa na uchungu.
Programu yenyewe haikuniacha.

Nikaikata kadi kwa mkasi wa samaki.
Benki ikaleta nyingine, namba mpya, inang'aa,
na tarehe kumi na nne ikaijua.
Nani kaiambia? Deni lina pua kumshinda paka.

Nikapiga simu. Kwa Kiarabu, bonyeza moja.
Kwa Kiingereza, bonyeza mbili.
Nikangoja ya tatu. Ukaja muziki.

Nikenda mwenyewe, tawi la Sib, mwezi wa saba,
abaya imenigandia mgongoni;
ndani baridi ya mochari, tikiti namba sitini na moja.
Msichana wa dirishani, Ibtihali, macho ya usingizi.
Nikafungua mdomo, likanitoka somo la pili:
hii ni familia yangu.
Akaiangalia kadi. Akaniangalia mimi.

Hapo nikayapeta maneno ya kwetu kama mchele kwenye ungo,
nikambakishia yale tu yaliyotoka kwao zamani:
Hesabu. Tarehe. Riali thelatha.
Ridhaa, la.
Batili. Khalasi!
Alicheka hata akajifunika mdomo, na alielewa.
Akaandika, akapiga muhuri,
kisha kwa mikono miwili akanionyesha fundo:
sisi tumezuia, lakini mkataba ni wewe na wao,
ukalifungue kulekule ulikolifunga.

Kulekule maana yake Yaqdhani.
Nikampa simu baada ya isha. Akapekua:
mipangilio, akaunti, usajili, chini kabisa,
maandishi ya kijivu, madogo kama chawa.
Njiani akapita palipoandikwa
Mwanafunzi: Ghaniya. Umekamilisha asilimia kumi na moja.
Hakucheka. Heri angecheka.
Programu ikauliza, kwa nini unatuacha?
Ni ghali. Sina muda. Nimeshajua.
Kidole chake kikasimama hewani, kinaningoja.
"Wewe bonyeza tu," nikamwambia.

Tarehe kumi na nne nikaamka saa kumi za usiku,
nikaikodolea simu.
Friji ilinguruma peke yake.

Alhamisi, sokoni, muuza nyanya ni Mbangali,
kijana, kilemba cha taulo.
Nikamuuliza bei kwa Kiarabu changu cha nusu somo.
Akanijibu kwa cha kwake,
nacho kimevunjika ubavu uleule.
Akanipunja baisa mia mbili,
uso kwa uso, mara moja,
na mfuko akanifungia.